Mapenzi ya karatasi nyekundu: Tamthilia ya Japani iliyoshindwa kulipa deni lake

KATI ya tamthilia za mapenzi ya shuleni zilizowahi kutengenezwa nchini Japani, ni chache zilizopendwa kwa kiwango cha 'Hana Yori Dango'.

Ilipoanza kupeperushwa na kituo cha TBS cha jijini Tokyo mnamo Oktoba 21, 2005, tamthilia hiyo ilitazamwa kwa wastani katika asilimia 19.8 ya nyumba zilizokuwa zikipimwa katika eneo la Kanto, ambalo ndilo linalolizunguka jiji hilo kuu. Msimu wa pili, uliopeperushwa kati ya Januari na Machi 2007, ulifikisha wastani wa asilimia 21.6, na sehemu yake ya mwisho ikagonga asilimia 27.6.

Filamu iliyofunga hadithi hiyo ilitolewa Juni 2008, nayo ikazoa zaidi ya yeni bilioni 7 katika kumbi za sinema za Japani.

Licha ya sifa hizo zote, mtazamaji anayeiangalia upya leo kwa utulivu, kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, huishia kuvunjika moyo. Waigizaji wake si wabovu, na hadithi haichoshi. Kinachomuudhi ni kwamba tamthilia yenyewe ilimpa ahadi, kisha ikaisahau katikati ya safari. Wahenga walisema ahadi ni deni.

Makala haya yanaeleza ahadi hiyo ilikuwa ipi, ilivunjwa vipi, na ni mambo gani katika biashara ya runinga ya Japani yaliyochangia kuvunjwa kwake.

Fumbo la jina

Jina la tamthilia hii ni mchezo wa maneno. Wajapani wana methali isemayo kwamba dango ni bora kuliko maua. Dango ni vidonge vya unga wa mchele vinavyopikwa na kuchomekwa kwenye kijiti, na watu huvila wanapokwenda kutazama maua ya micheri msimu wa machipuko. Methali hiyo humsuta mtu anayedai amekwenda kutazama maua ilhali macho yake yamo kwenye chakula. Kwa maneno mengine, kinachoshiba tumbo hupendwa kuliko kinachopendeza macho.

Mwandishi wa hadithi hii, Bi Yoko Kamio, aliichukua methali hiyo na kubadilisha maandishi yake ili neno 'dango' liandikwe kwa alama zinazomaanisha wavulana. Jina likawa na maana ya 'wavulana kuliko maua', ingawa sikio bado linasikia methali ya kale.

Bi Kamio alianza kuichapisha hadithi hiyo kwa mfumo wa manga, yaani hadithi za picha, mnamo 1992 katika jarida la Margaret linalosomwa sana na wasichana. Aliendelea nayo hadi 2003. Ilikusanywa katika vitabu zaidi ya 30, ikauza nakala zaidi ya milioni 50, na mnamo 1996 ikatunukiwa tuzo ya manga ya kampuni ya Shogakukan katika kitengo cha hadithi za wasichana.

Kwa hivyo kituo cha TBS kilipoamua kuigeuza kuwa tamthilia mwaka wa 2005, hakikuwa kikibahatisha. Kilichukua hadithi ambayo kizazi kizima cha wasichana wa Japani kilikuwa kimekua nayo.

Msichana jina lake gugu

Mhusika mkuu ni Tsukushi Makino, aliyeigizwa na Mao Inoue. Jina lake ni la mmea mdogo unaochipuka wenyewe kandokando ya mashamba na njia, na mwenyewe hujifananisha na gugu: ukilikanyaga linainuka tena.

Tsukushi anatoka katika familia ya kawaida isiyojaliwa mali. Wazazi wake wanajinyima ili asome katika shule ya Eitoku, ambayo ni ya watoto wa matajiri. Baada ya masomo hufanya kibarua katika duka linalouza dango. Wenzake huletwa shuleni kwa magari ya kifahari na hushindana kwa mavazi na safari za ng'ambo.

Shule hiyo inatawaliwa na wavulana 4 wanaojiita F4, wote wakiwa warithi wa familia zenye uwezo mkubwa. Kiongozi wao ni Tsukasa Domyoji, aliyeigizwa na Jun Matsumoto. Wengine ni Rui Hanazawa, mpole na mkimya, aliyeigizwa na Shun Oguri. Sojiro Nishikado, aliyeigizwa na Shota Matsuda. Na Akira Mimasaka, aliyeigizwa na Tsuyoshi Abe.

Silaha ya F4 ni karatasi nyekundu. Mwanafunzi akimuudhi Domyoji, hata kwa jambo dogo, hukuta karatasi hiyo imebandikwa katika kabati lake. Tangu hapo, shule nzima huwa na ruhusa ya kumpiga, kumdhalilisha na kumwinda hadi aache masomo. Walimu hawaoni wala hawasikii, kwa kuwa fedha za familia za wavulana hao ndizo zinazoiendesha shule.

Tsukushi alikuwa amekusudia kumaliza masomo yake bila kuonekana. Lakini siku moja anamtetea mwenzake aliyemkasirisha Domyoji, na karatasi nyekundu ikamfikia yeye. Badala ya kukimbia, anarudi, anamkabili kijana huyo mbele ya umati na kumpiga ngumi. Anatangaza vita.

Ahadi iliyotolewa

Tukio hilo la ngumi ndilo mkataba kati ya tamthilia na mtazamaji. Linamwambia kwamba hapa pana hadithi ya mnyonge aliyekataa unyonge. Linauliza swali zito: mtoto wa maskini anaweza kuishi miongoni mwa wenye nguvu bila kuwapigia magoti na bila kufanana nao?

Katika sehemu za mwanzo swali hilo linashughulikiwa kwa ustadi. Tunaona nyumba ndogo ya akina Makino, baba asiye na bahati kazini, na mama anayehesabu kila yeni huku akiota binti yake aolewe na tajiri. Vichekesho vinatokana na ufukara wenyewe, na havimdharau fukara. Tsukushi anaona haya kwa ajili ya wazazi wake, kisha anaona haya kwa kuwa aliwaonea haya. Ni hisia ambayo kila mtoto aliyesomeshwa kwa taabu anaifahamu.

Mao Inoue, aliyekuwa amezoeleka kwa watazamaji tangu utotoni kupitia tamthilia ya 'Kids War', aliibeba nafasi hiyo kwa uso usioficha kitu. Hasira yake inaaminika, na woga wake unaaminika pia. Bila yeye, pengine tamthilia hii isingekumbukwa.

Vilevile kuna wakati ambapo familia hiyo inapandishwa hadhi. Katika hadithi ya Bi Kamio, mamake Domyoji, Bi Kaede, tajiri asiyetabasamu, anafika kwa akina Makino na fedha ili wamwondoe binti yao katika maisha ya mwanawe. Wazazi walewale waliokuwa wakiota utajiri wanazikataa kwa ghadhabu. Hapo mtazamaji hupata kile alichoahidiwa: utu hauuzwi.

Pale inapoteleza

Tatizo linaanza pale Domyoji anapompenda Tsukushi. Kijana huyo hajawahi kukataliwa, na kofi la kwanza maishani mwake linamzindua. Tangu hapo hadithi inageuka. Vita vilivyotangazwa dhidi ya udhalimu wa shule nzima vinapunguzwa na kuwa ugomvi wa wapendanao.

Si vibaya mhusika mkatili abadilike. Fasihi ya dunia nzima imejaa watenda maovu waliotubu. Lakini toba ina hatua zake. Mkosaji hukiri alichotenda, humwendea aliyemkosea, na hulipa anachoweza kulipa. Domyoji hazipiti hatua hizo. Anakuwa mpole kwa msichana mmoja tu, yule anayemtaka, na tamthilia inataka tuuhesabu upole huo kuwa ni kuongoka.

Wale wanafunzi waliowahi kubandikiwa karatasi nyekundu wako wapi? Waliacha shule, wengine pengine wakiwa na majeraha ya mwili na ya moyo. Hadithi haiwatafuti.

Na hata kisasi cha waliodhulumiwa kinapojitokeza, hugeuzwa kuwa uhalifu. Katika hadithi ya Bi Kamio, na pia katika toleo lake la Korea Kusini, Tsukushi anatekwa na mtu mwenye kinyongo kinachotokana na ukatili wa zamani wa kiongozi wa F4. Kijana huyo anafika kumwokoa na kukubali kupigwa bila kurudisha pigo. Tukio ambalo lingekuwa hukumu yake linageuzwa kuwa ushahidi wa jinsi anavyopenda. Mtazamaji anamlilia mpigaji wa jana, na aliyedhulumiwa anabaki kuwa jambazi.

Kosa la pili ni namna mabavu yanavyopewa sura ya mahaba. Domyoji anaagiza Tsukushi achukuliwe kwa nguvu na kupelekwa katika jumba lao, apambwe na kuvishwa mavazi ya thamani, kisha anamtaka awe upande wake kwa sababu ya mali. Anamvuta mkono na kumfokea, na wivu wake ni wa kutisha. Muziki wa tamthilia unatuambia tucheke au tuguswe. Msichana wa miaka 16 aliyeketi mbele ya runinga anafundishwa kwamba ukali wa mvulana ni dalili ya mapenzi mazito, na kwamba akivumilia vya kutosha simba atageuka kondoo.

Jambo hilo linasikitisha zaidi kwa kuwa tamthilia ina mfano mwingine mkononi mwake. Rui Hanazawa ni mmoja wa F4, lakini ndiye anayemsaidia Tsukushi wakati wote wanamwinda. Hata hivyo naye, kwa muda mrefu, amekuwa akitazama ukatili wa rafiki yake bila kusema neno. Hapo palikuwa na nafasi ya kuchunguza hatia ya mtazamaji mkimya. Nafasi hiyo inapita, na Rui anabaki kuwa kona ya pili katika mapenzi ya pembe tatu.

Msimu wa pili na mzunguko wa vikwazo

Msimu wa pili ulikuwa na sehemu 11, mbili zaidi ya msimu wa kwanza, lakini una mengi machache ya kusema. Domyoji amekwenda New York kushughulikia biashara ya familia, na Tsukushi anamfuata huko. Bi Kaede anamtafutia mwanawe mchumba kutoka familia nyingine ya kitajiri. Uchumba huo unapovunjika, Domyoji anapoteza kumbukumbu na kumsahau mtu mmoja tu duniani, naye ni Tsukushi. Msichana mwingine anajitokeza kuchukua nafasi yake, hadi kumbukumbu inaporejea kwa wakati unaofaa.

Msomaji wa hapa Kenya aliyefuatilia tamthilia za Mexico katika runinga zetu miaka ya 2000 atazitambua mbinu hizo mara moja: mama mkwe katili, uchumba wa kulazimishwa, kusahau na kukumbuka. Ni kamba za kuurefushia mchezo.

Athari yake kwa maudhui ni kubwa. Swali la tofauti kati ya matajiri na maskini, ambalo mwanzoni lilihusu shule nzima na jamii inayoilea shule hiyo, sasa linakuwa tabia ya mwanamke mmoja mwenye kiburi. Bi Kaede akilainika, tatizo limekwisha. Hakuna anayeuliza tena kwa nini shule ilikuwa vile, wala kwa nini walimu waliufyata.

Filamu ya 2008 ndiyo iliyohitimisha mporomoko huo. Inahusu taji la thamani linaloibwa kabla ya harusi, na wapendanao wanalisaka hadi Las Vegas na Hong Kong. Msichana wa duka la dango, aliyejiita gugu, anaonekana katika kumbi za kamari na hoteli za kifahari. Gugu limehamishiwa katika chungu cha dhahabu, na tunatakiwa tushangilie.

Yaliyokuwa yakitokea nje ya studio

Kuna watakaosema kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba kuuchambua hivi ni kutafuta mfupa katika maziwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama uonevu wa shuleni ungekuwa jambo la kubuni nchini Japani.

Mnamo Februari 1986, mvulana wa shule moja ya mtaa wa Nakano jijini Tokyo alijitoa uhai baada ya kuteswa na wenzake kwa muda mrefu. Ilibainika kwamba walikuwa wamemwandalia 'mazishi' ya mzaha darasani, na kwamba walimu 4 walitia saini katika kadi ya rambirambi iliyozungushwa. Mnamo 1994, mvulana mwingine katika mkoa wa Aichi alijiua na kuacha barua iliyoeleza jinsi wenzake walivyompiga na kumnyang'anya fedha, jumla yake zaidi ya yeni milioni 1.

Hayo ya miaka ya nyuma yangeweza kusahaulika. Lakini Oktoba 2006, miezi michache tu kabla ya msimu wa pili wa 'Hana Yori Dango' kuanza, mwanafunzi mmoja katika mkoa wa Fukuoka alijiua kutokana na uonevu, na taifa likaingia katika mjadala mkali. Mwezi uliofuata, wizara ya elimu ilipokea barua isiyo na jina ya mtoto aliyetishia kujiua. Waziri wa wakati huo, Bunmei Ibuki, alilazimika kutoa wito wa hadharani kwa watoto wa Japani, akiwasihi waonevu waache na waonewa wasikate tamaa.

Januari 2007, Domyoji na wenzake wakarejea hewani, na umati ukawapokea kwa shangwe.

Hakuna anayedai kwamba tamthilia ndiyo iliyosababisha maafa hayo. Maafa yalikuwapo kabla yake. Kinachosikitisha ni kwamba kazi iliyojengwa juu ya jeraha lenyewe haikuona haja ya kulitazama, hata jeraha hilo lilipokuwa likivuja damu katika kurasa za kwanza za magazeti.

Japani haikupata sheria mahsusi ya kuzuia uonevu shuleni hadi 2013, baada ya kisa kingine cha mwanafunzi kujiua katika jiji la Otsu mwaka wa 2011. Sheria hiyo inazitaka shule zichunguze na kuchukua hatua. Ni wajibu uleule ambao walimu wa Eitoku hawakuwahi kuutimiza.

Kwetu pia karatasi nyekundu inafahamika, japo kwa jina jingine. Kwa miaka mingi, mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza katika shule za bweni aliitwa 'mono', na wakubwa walimfulisha nguo, wakamnyang'anya vyakula na kumwamsha usiku wa manane. Waliopitia hayo hawayasimulii kama mwanzo wa mapenzi.

Kwa nini ikawa hivyo

Sababu ya kwanza ni mfumo wa manga. Hadithi inayochapishwa kwa vipande katika jarida hutegemea hamu ya msomaji ya kununua toleo linalofuata. Miaka 11 ni mingi. Anayeandika kwa muda huo analazimika kuzua kikwazo kipya kila kinapokwisha cha zamani, na swali la msingi humezwa na haja ya kuendelea.

Sababu ya pili ni muda wa runinga. Tamthilia nyingi za Japani hupeperushwa mara moja kwa wiki kwa robo ya mwaka, na huwa na sehemu zipatazo 10 au 11. Msimu wa kwanza wa tamthilia hii ulikuwa na sehemu 9 pekee. Vitabu zaidi ya 30 vikibanwa katika nafasi hiyo, kinachoachwa ni kile kisichosukuma mapenzi mbele: wahusika wadogo, maisha ya waliofukuzwa, na mashaka ya moyo yanayohitaji ukimya.

Sababu ya tatu, na pengine kubwa zaidi, ni biashara ya wanamuziki vijana. Jun Matsumoto alikuwa mmoja wa vijana 5 wa kundi la Arashi, lililoanza kazi mwaka wa 1999. Wimbo mkuu wa msimu wa kwanza, 'Wish', ulikuwa wa Arashi. Wa msimu wa pili, 'Love So Sweet', ulikuwa wa Arashi. Wa filamu, 'One Love', ulikuwa wa Arashi pia.

Katika mpangilio kama huo, mhusika wa kiume ni bidhaa inayouzwa pamoja na wimbo. Anaweza kuwa mkali, kwa kuwa ukali unasisimua. Anaweza kuwa mjinga kidogo, kwa kuwa ujinga unachekesha. Lakini hawezi kuachwa na hatia inayodumu, maana mashabiki hawanunui rekodi ya mtu waliyefundishwa kumhukumu. Ilibidi Domyoji asamehewe mapema ili apendwe kwa muda mrefu.

Wengine waliweza

Anayetaka kuwatetea watayarishaji kwa kusema kwamba runinga ya Japani haikuwa na namna nyingine atakuwa anaidhulumu runinga hiyo.

Kituo hichohicho cha TBS kilianza mwaka wa 1979 kupeperusha tamthilia ya mwalimu Kinpachi, ambayo katika msimu wake wa kwanza tu ilithubutu kuzungumzia ujauzito wa msichana wa miaka 15. Tamthilia hiyo iliendelea kwa vipindi tofauti hadi 2011, ikigusa matatizo ya wanafunzi bila kuyapaka sukari.

Nao wapinzani wao, Fuji Television, walipeperusha tamthilia ya 'Life' kuanzia Juni 2007, miezi michache baada ya Domyoji kupokea makofi ya mwisho. 'Life', iliyotokana na manga ya Keiko Suenobu, ilionyesha msichana anayeonewa darasani hatua kwa hatua, bila mkuu wa kitajiri wa kuja kumwokoa. Haikustarehesha kuitazama. Lakini ilijua jambo inalolizungumzia.

Hata hadithi ya Bi Kamio yenyewe, ilipovuka mipaka, ilipata wafasiri wenye mizani tofauti. Taiwan ilitangulia kwa 'Meteor Garden' mwaka wa 2001, miaka 4 kabla ya TBS, na tamthilia hiyo ikatamba kote Asia. Korea Kusini ilifuata 2009 na 'Boys Over Flowers', iliyompa umaarufu Lee Min-ho. China ikatoa toleo lake 2018. Toleo la Thailand, lililoanza Desemba 2021, ndilo lililoutilia uzito zaidi uonevu wa shuleni, likikubali kwamba waliobandikiwa kadi nyekundu ni watu wenye maisha yao.

Japani yenyewe ilirudi Eitoku mwaka wa 2018 kupitia tamthilia ya 'Hana Nochi Hare', iliyotokana na hadithi ya Bi Kamio ya baada ya F4. Kundi jipya la vijana limechukua utawala wa shule. Kiongozi wao anamhusudu Domyoji. Kazi yao ni kuwasaka wanafunzi wasio na mali na kuwafukuza ili hadhi ya shule irejee.

Yaani baada ya ngumi ya Tsukushi, machozi yake na harusi yake, Eitoku bado inawawinda maskini. Ni ungamo la kimyakimya kwamba ushindi wa msichana yule ulikuwa wake peke yake. Shule haikubadilika hata kidogo.

Hukumu ya mtazamaji

Je, tamthilia hii iachwe? La hasha. Kazi iliyowagusa watu wengi kiasi hicho ina ukweli fulani ndani yake, na ukweli huo umo katika sehemu zake za mwanzo. Binti wa kabwela anayesimama peke yake katika ukumbi uliojaa watoto wa vigogo ni picha isiyochakaa. Mzazi anayeitazama na wanawe, au mwalimu anayeizungumzia darasani, atapata mengi ya kujadili humo.

Ila mjadala huo hauna budi uulize maswali ambayo tamthilia iliyakwepa. Anayekuumiza kisha akakupenda, amekwisha kutubu? Ukipata nafasi yako mezani pa wenye nguvu, waliofukuzwa kabla yako wanabaki kuwa wa nani? Na walimu waliofumba macho, jina lao ni nani katika hadithi hii?

Pesa ni sabuni ya roho, walinena wahenga. Katika 'Hana Yori Dango' ilitumiwa pia kuosha hatia, na povu lilikuwa jingi mno. Tsukushi Makino alistahili hadithi yenye ujasiri kama wake. Alipewa harusi badala yake.